Uwanja Usio na Nyasi

Mwaka ule masika yaliwahi. Mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika, na siku ya tano, ambayo ilikuwa Alhamisi, uwanja wa Boma la Arusha, ngome ya Wajerumani, ukaamka umeota nyasi. Hazikuwa nyingi. Zilikuwa vinyasi vya urefu wa kidole, vimechomoza hapa na pale kwenye udongo mweusi, ambavyo mbuzi aliyeshiba asingeviinamia. Lakini Saruni alipoingia langoni asubuhi na kuviona alisimama, akavitazama muda mrefu kuliko mtu mwenye akili zake anavyotazama nyasi.

Kazi ya kuving'oa ilikuwa yake. Ilikuwa yake mwaka wa tatu sasa, na hakuna aliyemlazimisha. Aliiomba mwenyewe. Keshokutwa ilikuwa Jumamosi, siku ya viboko, na Jumamosi hiyo mzee Sakaya angelazwa pale uwanjani apigwe hamsa ishirini, maana ndivyo watu walivyoviita viboko ishirini na vitano vya Mjerumani. Wa kumpiga alikuwa Saruni huyo huyo.

"Utazing'oa leo au kesho?" aliuliza Mikidadi kutoka barazani. Mikidadi alikuwa karani wa Boma, mtu wa Pangani, kanzu yake safi hata siku za tope. Kila Jumamosi yeye ndiye aliyesimama pembeni na kuhesabu viboko kwa sauti.

"Kesho, bwana karani."

"Kesho iwe kesho kweli. Bwana Mkubwa anarudi kutoka Moshi kesho jioni, na unajua asivyopenda kuona uwanja mchafu."

Saruni aliitikia kwa kichwa. Hakusikia woga wala huzuni. Kwa kweli alikuwa hasikii kitu kwa muda mrefu, na alikwisha kuizoea hali hiyo kama mtu anavyozoea jino lililokufa.

Mtu wa mbali anaweza kucheka, mwanamume mzima ahangaishwe na majani ya urefu wa kidole. Asicheke upesi. Kwa Waarusha, kama kwa ndugu zao Wamaasai, nyasi si takataka za shambani. Ng'ombe hula nyasi, watu huishi kwa ng'ombe, basi mwenye nyasi mkononi ameshika uhai, na uhai haupigwi fimbo. Mtoto aliyepoteza mbuzi, akifukuzwa na baba yake, hana haja ya kukimbia mpaka pumzi imwishie. Huinama, hung'oa nyasi, huziinua juu, na baba hutupa fimbo. Hasira inaweza kuwa bado inamchemka mpaka masikioni, lakini fimbo huitupa. Saruni mwenyewe aliokolewa na nyasi mara nyingi utotoni, kwa sababu alikuwa mchungaji mbovu, mpenda usingizi. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni sheria. Ilikuwa hivyo tu, kama vile maziwa ni meupe.

Mtu kama huyo alikujaje kushika kiboko cha Boma? Kwa njia fupi kuliko zote: kwa kuogopa. Askari walipopita vijijini kukusanya vijana wa kubeba mawe, Saruni alichukuliwa pamoja na wenzake wa rika. Walibeba mawe kutoka Mto Themi mpaka ukutani, kutwa nzima, na mwenye kutua mzigo kabla ya wakati alipigwa. Saruni alipigwa mara mbili. Mara ya pili alijifunza kile ambacho kila kiumbe hujifunza, hata punda: mwenye nguvu mpishe.

Kisha mpigaji wa zamani aliteguka bega. Shaushi, yaani mkubwa wa askari, alipita kwenye mstari wa wabeba mawe akiangalia mikono, kama mnunuzi anavyoangalia miguu ya fahali. Alimtoa Saruni mstarini. "Ukishika hiki," alimwambia, "hubebi jiwe tena, wala hakuna atakayekugusa." Kati ya kushika mpini na kushika makali, ni nani atakayechagua makali? Saruni alishika mpini. Siku ya kwanza alitapika nyuma ya zizi la farasi. Siku ya pili alikula kwanza, akaona tumbo limetulia.

Baadaye haikuwa woga peke yake. Watu wa Boma walianza kumsifu. Mpigaji wa zamani alikuwa akiwachapa zaidi aliowachukia na kuwapapasa waliompa kuku, lakini Saruni alipiga sawasawa, cha kwanza kama cha mwisho. "Mkono wako hauna chuki," Mikidadi alimwambia siku moja wakinywa kahawa barazani, na Saruni alirudi nyumbani akiwa ameinua shingo. Ni nani asiyependa kuitwa mtu mwema? Naye wema wake ulipimwa na watu aliokuwa akinywa nao kahawa.

Mikidadi ndiye aliyempa sababu kubwa zaidi. Si mtu mbaya, Mikidadi. Alisali sala zake zote, na hakuwahi kumdhulumu mtu. "Sikiliza, ndugu yangu," alisema. "Zamani hapa mtu akikosa, morani wanachoma nyumba nzima, na mtoto wa jirani ndani. Sivyo? Leo ni hamsa ishirini. Si ishirini na sita. Ukimpunguzia rafiki yako kimoja, kesho mwingine atamwongezea adui yake kimoja, na hapo tumerudi kulekule. Sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma."

Saruni aliyapenda maneno hayo. Alikwenda nayo nyumbani akayarudia kimoyomoyo njiani, yakamtuliza. Msumeno ule umeshikwa na nani, hilo hakuuliza, na Mikidadi naye hakulitaja.

Basi mambo yalikwenda hivyo mpaka siku ya Koikai.

Koikai alikuwa wa rika lake, walitahiriwa msimu mmoja. Alitoroka kazi ya mawe kwa sababu mke wake alikuwa anajifungua, akakamatwa akiwa na mtoto mchanga mikononi. Alilazwa uwanjani. Siku hizo uwanja ulikuwa na nyasi kama uwanja wowote. Kiboko cha tisa kilipotua, mkono wa Koikai ulipapasa mbele, ukashika, ukang'oa, ukainuka. Nyasi zikaonekana juu ya kichwa chake, na udongo ukidondoka kwenye mizizi.

Mkono wa Saruni ulisimama. Hakuusimamisha yeye. Ulisimama wenyewe hewani, kama mlango uliokutana na jiwe.

"Kumi," alisema Mikidadi. Hakuna kilichotua. "Kumi, Saruni."

Bwana Mkubwa, Mjerumani mkuu wa Boma, alitoa kiko mdomoni akauliza kuna nini. Saruni alimweleza kwa Kiswahili chake cha Boma: nyasi, ng'ombe, uhai. Bwana Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akatoa amri ambayo tangu siku hiyo ikawa sheria ya uwanja ule: mpigaji akiacha njiani, vilivyobaki ni vyake. Koikai aliondolewa, na shaushi akachukua kiboko. Kisha Saruni alilazwa, akapata vile kumi na sita vilivyobaki.

Usiku huo hakulala, na alfajiri akili yake ilimletea jambo aliloliona la hekima kubwa. Hakutaka kuvunja sheria ya Boma, maana mgongo wake ulikuwa bado unachuruzika damu. Hakutaka kuvunja sheria ya kwao, maana mtu anayempiga mwenye nyasi hana tena mahali pa kuketi duniani. Lakini palipo na uwanja mtupu, nani ataomba kwa nyasi? Na asiyeombwa amemkatalia nani? Alikwenda kwa Bwana Mkubwa akichechemea akasema, "Bwana, nyasi zikiondolewa zote, mimi sitasimama tena."

Bwana Mkubwa alimtazama muda. "Una akili," alisema.

Saruni alipewa jembe siku hiyo hiyo. Alikwangua uwanja wote, kutoka ukuta hadi ukuta, akang'oa mizizi kwa kucha pale jembe liliposhindwa. Tangu hapo kila Ijumaa aliukagua kwa kupiga magoti. Na kila Jumamosi mikono ya watu ilipapasa mbele kwenye udongo ule, huku na huku, ikakosa. Saruni aliitazama mikono hiyo na kujiambia kwamba hakuna aliyemwomba kitu. Alikuwa hajavunja sheria ya mtu yeyote. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alijiambia, na yeye aliona hata hiyo nusu hanayo.

Ganzi ilianza miezi michache baadaye. Ilianzia begani, ikashuka kwenye kiwiko, ikafika kwenye vidole vya mkono wa kulia. Jioni moja alishika chungu cha moto kwa mkono huo, na mke wake Nkasiogi akasikia harufu ya ngozi inayoungua kabla Saruni hajajua lolote. Mganga alimpaka mafuta ya kondoo. Hayakusaidia. Polepole ganzi ikaingia na mahali pengine ambapo mafuta hayafiki: alikula bila kujua alichokula, aliwasikia watoto wakicheka akawa kama anasikia watu wa ng'ambo ya mto. Kijijini hakuna aliyemtukana. Walimsalimu vizuri kabisa, wakamuuliza habari za ng'ombe, na wakiisha kuagana wakaendelea na mazungumzo waliyokuwa wameyakatiza.

Sasa huyo Sakaya.

Sakaya alikuwa wa rika la baba yake Saruni, na kwa Waarusha rika lote la baba yako ni baba zako, wa kuheshimiwa na kuogopwa laana zao. Lakini huyu alikuwa zaidi. Baba yake Saruni alipofariki, Sakaya ndiye aliyemchukua, akamtafutia ng'ombe wa kuolea, akamwekea nyasi mkononi siku ya baraka. Kosa lake la mwaka huu lilikuwa maji. Boma liliamuru kwamba wakati wa kiangazi mfereji unaotoka Themi usifunguliwe na mtu mweusi kuanzia asubuhi mpaka alasiri, ili maji yote yaende kwenye bustani na mashamba ya wazungu. Mfereji wenyewe ulichimbwa na babu zake Sakaya. Migomba ilipoanza kuinama na maharage kujikunja, mzee alikwenda mchana kweupe na jembe lake, akafungua mlango wa mfereji, akaketi kando ya maji mpaka askari walipokuja kumkamata. Hakukimbia wala kukana. Alisema tu kwamba maharage hayajui saa.

Alikuwa amefungiwa Boma siku kumi, akingoja Bwana Mkubwa arudi. Na wakati akingoja, mvua ilikuja, kwa hiyo hata maji aliyofungiwa sasa yalikuwa yanafurika kila mahali bila ruhusa ya mtu.

Alhamisi jioni Saruni alikula nyumbani. Nkasiogi aliketi upande wa pili wa moto, mikono imetulia magotini, akimtazama anavyokula.

"Maharage yameiva?" aliuliza.

"Yameiva."

"Ni ya kile kipande cha chini. Maji ya Sakaya yalifika mpaka kwetu siku ile."

Saruni aliendelea kutafuna. Nkasiogi hakuwa mwanamke wa maneno mengi, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kumsemesha mumewe habari za Boma. Leo alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti.

"Zimeota uwanjani? Wanasema zimeota."

"Zimeota."

"Utazing'oa?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Baba Namnyaki, mimi sikuulizi kazi yako. Nakuuliza utazing'oa."

Saruni alimaliza chakula. Lakini usiku alikaa macho akilipima jambo hilo kama alivyozoea kupima, sheria huku na sheria huku. Akizing'oa, Sakaya atapapasa akose, na yeye Saruni atakuwa hajamkatalia mtu. Asipozing'oa, Sakaya atashika nyasi, mkono utasimama, na viboko vilivyobaki vitakuwa vyake. Aliukumbuka mgongo wake wa siku ile. Kitu cha ajabu, hakuogopa kama zamani. Kuogopa nako kulikuwa kumekufa ganzi. Kulipopambazuka alikuwa ameamua: hatagusa nyasi. Sheria ya kwao ifanye kazi yake, na mzee aokoke.

Ijumaa alikwenda uwanjani, akapiga magoti hapa na pale, akaokota kokoto. Bwana Mkubwa alifika usiku, mvua ikinyesha, akaingia ndani moja kwa moja.

Jumamosi asubuhi nyasi zilikuwa zimefika urefu wa kidole na nusu. Mikidadi aliziona. Alimtazama Saruni, akaanza kurekebisha kofia yake ambayo haikuwa na tatizo lolote. Sakaya aliletwa. Alikuwa amekonda. Alitazama chini alipokanyaga, akaziona nyasi, na Saruni aliona kwamba ameziona. Kisha alilala kifudifudi pasipo kusukumwa, mikono ameinyoosha mbele. Vinyasi vilikuwa katikati ya vidole vyake. Hakuhitaji hata kupapasa.

"Moja," alisema Mikidadi.

Saruni alipiga. Alingoja. Mkono wa mzee haukusogea.

"Mbili."

Kwenye cha tano alianza kuchelewa, akimpa nafasi. Kwenye cha tisa, kiboko cha Koikai, alikaza macho kwenye vidole vile mpaka vikawa viwili viwili. Kwenye cha kumi na mbili aliinama kama anayefuta jasho akasema kwa Kimaasai, kwa sauti ya chini, "Baba, ng'oa." Sakaya alipumua kwa nguvu puani. Mikono yake ilibaki wazi.

"Kumi na tatu."

Akapiga. Sijui niseme nini tena hapo. Alipiga vyote ishirini na vitano, sawasawa, cha kwanza kama cha mwisho, na vile vinyasi viliendelea kusimama katikati ya vidole vya mzee, bila hata kimoja kuvunjika.

Waliopigwa walitolewa nje ya lango wachukuliwe na ndugu zao. Watoto wa Sakaya walikuwa kwenye kazi ya barabara, kwa hiyo hapakuwa na mtu. Saruni aliaga, akatoka, akachuchumaa mbele ya mzee na kumgeuzia mgongo. Sakaya alikawia kidogo, kisha akajiegemeza, akabebwa kama mtoto. Walipanda njia ya mlimani. Alikuwa mwepesi sana. Meru ulikuwa umefunikwa na mawingu mpaka kiunoni, na njia ilikuwa utelezi. Walivuka kijito cha kwanza ndipo Saruni aliposema.

"Baba, nyasi zilikuwepo."

"Niliziona."

"Niliziacha kwa ajili yako."

"Najua."

"Mbona hukung'oa?"

Mzee alikaza mikono shingoni mwake. Pumzi yake ilikuwa inaingia sikioni mwa Saruni, fupi na ya moto. Walipita migomba ya watu wawili watatu kabla hajasema.

"Nyasi ni za kumkumbusha mtu aliyesahaulishwa na hasira," alisema Sakaya. "Anakasirika, anasahau kwamba huyu ni mwanangu, huyu ni ndugu yangu. Anaona nyasi, anakumbuka. Wewe hukuwa na hasira, Saruni. Hukusahau kitu. Ulinijua tangu cha kwanza." Alimeza mate. "Ulikuwa unangoja mkono wangu. Mimi nilikuwa nangoja wako."

Saruni aliendelea kupanda. Alimfikisha kwake, akamlaza kwa ubavu juu ya ngozi, wake wa mzee wakamzunguka. Hakuna aliyemfukuza. Mmoja alimletea maziwa kwenye kibuyu, kama mgeni yeyote, akayanywa yote asijue kama ni mabichi au ya mgando.

Juma lile alifanya kazi kama kawaida. Nkasiogi aliuliza habari za mzee, akamwambia yu hai. Hakumwambia mengine. Aliyageuza yale maneno usiku na mchana, akitafuta mahali yalipokosea, maana mtu aliyezoea sheria hutafuta upenyo kwanza. Hakuupata. Miaka yote hiyo alikuwa akijiuliza ni amri ya nani imsimamishe, ya Boma au ya nyasi. Hakuwahi kufikiri kwamba mkono ule ulikuwa wake.

Ijumaa alichukua jembe akasafisha uwanja. Aliusafisha kuliko siku zote. Aling'oa unyasi mmoja mmoja na mzizi wake, akazikusanya zote kwenye kikapu, akazimwaga nje ya lango kwa ng'ombe wa wapita njia. Mikidadi alitoka barazani akashusha pumzi ya mtu aliyeponea chupuchupu.

"Hapo sawa, ndugu yangu," alisema. "Juma lililopita uliniogopesha. Hapo sawa kabisa."

Jumamosi waliletwa watu watatu. Wa kwanza aliitwa Msafiri, mpagazi kutoka Unyamwezi, aliyeteleza kwenye tope karibu na Maji ya Chai na kuangusha sanduku la vyombo vya Bwana Mkubwa. Kikombe kimoja hakikupona. Msafiri hakuwa Mwarusha, hakuwa wa rika la mtu yeyote hapo, na habari za nyasi hakuwahi kuzisikia maishani. Alilala chini akilia kabla ya kuguswa, akiapa kwa Mungu kwamba ni utelezi.

Saruni alishika kiboko. Hata sasa hakuwa na hakika na nafsi yake. Alitazama uwanja: mweusi, mtupu, hakuna jani.

"Moja," alisema Mikidadi, na Saruni akapiga. "Mbili." Akapiga. "Tatu." Akapiga. Kwa nini tatu? Hakuna sababu. Mkono uliochelewa miaka mitatu ulichelewa na viboko vitatu tena.

"Nne."

Saruni aliushusha mkono taratibu, yeye mwenyewe, mpaka ncha ya kiboko ikagusa udongo.

"Nne," alisema Mikidadi. Kisha akasogea hatua mbili, akasema kwa kunong'ona, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli. "Saruni, ndugu yangu. Hakuna nyasi. Tazama. Hakuna."

"Najua, bwana karani. Nimezing'oa mwenyewe."

Bwana Mkubwa aliinuka kwenye kiti chake barazani. "Ameshika nyasi?" aliuliza.

"Hapana, Bwana Mkubwa," alijibu Mikidadi. "Hakushika kitu."

"Basi kwa nini anasimama?"

Mikidadi alimgeukia Saruni apate jibu la kupeleka. Saruni alifikiri. Alikuwa na maneno, lakini aliona hayatoshi kwa Kiswahili cha Boma, wala kwa Kimaasai asingeyapata yote. Alikiweka kiboko chini, akakilaza vizuri, mpini ukimwelekea shaushi. Akamwambia Msafiri, "Sogea kidogo." Msafiri aliacha kulia kwa mshangao akasogea. Saruni alifungua shuka lake begani, akalala kifudifudi kando yake, viboko ishirini na viwili vikimngoja.

Alisikia viatu vya shaushi vikija. Alisikia Mikidadi akikohoa, akisafisha koo, akikohoa tena.

"Nne," alisema Mikidadi.

Kiboko kilipotua, mkono wa kulia wa Saruni ulipapasa mbele kama mikono yote ilivyopapasa, huku na huku. Haukupata kitu, kwa maana alikuwa amepalilia vizuri. Udongo ulikuwa na mvua bado, na ulikuwa baridi. Aliusikia kwa vidole vyote vitano.